Mfalme aliyehangaishwa na kigugumizi

Hewani tuligusia kigugumizi kwa watu wazima na muda ukatuishia. Basi tumalizie hapa, msikilizaji, kwa maisha ya George wa Sita, mfalme wa Uingereza.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895, akaitwa Albert. Alikuwa mtoto wa mashoto, wakubwa wakamlazimisha kuandika kwa mkono wa kulia. Baba yake alikuwa mkali. Akiwa na miaka kama 8 hivi, kigugumizi kikamshika. Watoto wengi hukiacha wanapokua, lakini yeye alikua nacho.

Mwanzoni mwa 1925 alitembelea Kenya na Uganda na mkewe. Oktoba mwaka huohuo alitakiwa kufunga maonyesho makubwa pale Wembley, London. Mbele ya umati ule, maneno yalimkwama vibaya.

Mwaka uliofuata alikutana na Lionel Logue, Mwaustralia ambaye wala hakuwa daktari. Logue alimfundisha kupumua vizuri na kufanya mazoezi kila siku. Mwaka 1927 alihutubia Canberra, akafungua bunge bila kuaibika. Wapo wanaosema Logue alimponya. Hapana, alimsaidia kuishi nacho.

Zamani wengi waliamini kwamba kumbadilisha mtoto mkono ndiko kunakoleta kigugumizi. Wengine walisema ni woga tu. Woga hukizidisha, ni kweli, lakini wataalamu wa leo wanatazama ubongo wenyewe. Kwa watu wengi, upande wa kushoto wa ubongo ndio unaopanga maneno na kuamuru ulimi, midomo na koo. Sehemu hizo zimeunganishwa kwa nyuzi, mfano wa nyaya za umeme. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walipiga picha za ubongo wa watu wazima wenye kigugumizi, wakakuta nyuzi za upande huo si imara kama za wengine. Tafiti nyingine zimeonyesha upande wa kulia ukifanya kazi kupita kawaida mtu huyo anapozungumza, kana kwamba unamsaidia mwenzake. Pia kigugumizi hurithiwa katika ukoo. Akili ya mtu haihusiki kabisa.

Ubongo wa mfalme huyu hakuna aliyeupiga picha za namna hiyo; vipimo hivyo havikuwepo.

Desemba 1936 kaka yake aliacha kiti, naye akatawazwa bila kukitamani. Tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani, ilimbidi azungumze redioni. Logue alikuwa naye chumbani. Walikwisha kupitia karatasi, wakaweka alama za kupumzika na kubadilisha maneno magumu. Alizungumza kwa takriban dakika sita, taratibu, hadi mwisho. Sisi tunaokaa mbele ya maikrofoni kila siku tunajua sekunde tano za ukimya zilivyo ndefu, nasi tuna ulimi mwepesi!

Alifariki tarehe 6 Februari 1952, akiwa na miaka 56. Habari zilimkuta binti yake Elizabeth huko Sagana, Kenya. Logue naye alifariki Aprili 1953.