Parsaloi ole Gilisho na Mikataba Miwili

Malisho ya Nakuru na Naivasha yalikuwa ya Wamaasai kabla ya kuwa mashamba ya walowezi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwahamishia wengi wao Laikipia ili Wazungu wapewe Bonde la Ufa. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa rika katika ukoo mkubwa wa Purko, aliuridhia mkataba ule, ulioahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911, akishinikizwa, aliridhia wa pili, uliowatoa Laikipia kuelekea kusini. Lakini shujaa huyu hakushika mkuki, alitafuta mawakili. Kesi ya 1913, iliyofunguliwa kwa jina la ole Njogo, ilitupwa kwa hoja kuwa mikataba ya madola huru haiamuliwi mahakamani. Dola huru gani, ilhali raia wake waliswagwa pamoja na ng'ombe wao?

Alifariki mwaka 1939. Agosti 2004, karne moja baada ya mkataba wa kwanza, vitukuu vya rika lake waliandamana, wakizitaka serikali za Kenya na Uingereza zirekebishe dhuluma ile. Huko Laikipia, mzee mmoja aliuawa kwa risasi ya polisi.