Kabla hujamcheka daktari anayefungua kitabu, mjue Ibn Sina

Huku kwetu kuna watu wakimwona daktari anafungua kitabu au simu kuangalia dozi, wanatoka nje wanasema huyu hajui kazi. Mimi nasema huyo ndiye wa kumuamini, na shahidi wangu ni Ibn Sina, ambaye wauza mitishamba wanapenda sana kulitaja jina lake.

Alizaliwa mwaka 980 kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, Uzbekistan ya leo. Jamaa alikuwa kichwa kweli kweli. Miaka 10 tu Qur'ani yote iko kifuani, na bado kijana mdogo akaitwa kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur. Akaruhusiwa kuingia maktaba ya mtawala, basi akajifungia humo kusoma.

Baadaye maisha yakawa ya tabu: uwaziri Hamadan, jela, kisha kutoroka kwenda Isfahan akiwa amejibadilisha mavazi. (Siasa hazikuanza leo!) Katikati ya vurugu hizo akaandika al-Qanun fi al-Tibb, akaimaliza kama mwaka 1025. Ni vitabu 5. Cha pili kinapanga dawa mojamoja, zaidi ya 700, inafaa nini na inadhuru nini. Cha tano ni dawa za kuchanganya. Hata karafuu imo, kwa jina la qaranful, wakati Pemba haijaota mkarafuu hata mmoja! Ilikuwa ikitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo.

Na hakutaka dawa iaminiwe kwa maneno ya watu. Aliweka masharti: ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwengine, itazamwe kama inafanya kazi kila mara au imebahatisha, na ijaribiwe kwa binadamu, maana inayomfaa farasi au simba si lazima ikufae wewe. Hayo ni miaka 1,000 iliyopita, halafu leo mtu anakuuzia chupa haina hata lebo.

Qanun ikatafsiriwa Kilatini karne ya 12, na vyuo vya Ulaya vikaisomesha kwa mamia ya miaka. Tabibu akiwa na shaka, anafungua. Kazi hiyo leo inafanywa na vitabu kama BNF ya Uingereza, iliyoanza kwa jina hilo mwaka 1949, na miongozo ya matibabu ya serikali. Kama dawa imesajiliwa Zanzibar, wa kuulizwa ni ZFDA.

Sasa sikilizeni alivyokufa. Mwanafunzi wake al-Juzjani ameandika kwamba aliugua msokoto wa tumbo, akaagiza dawa ya kupitishia nyuma yenye mbegu za seleri kiasi cha danaki 2, yaani theluthi ya dirhamu. Tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu 5. Mara 15! Kwa makusudi au kwa kukosea, al-Juzjani mwenyewe hakujua. Tumbo likazidi, likatoka vidonda. Halafu watumishi waliokuwa wamemuibia wakamzidishia afyuni katika dawa nyengine.

Alifariki mwaka 1037, Ramadhani, na kaburi lake liko Hamadan, Iran.