Daniel Owino Misiani: Mwanamuziki Aliyesema na Watawala kwa Mafumbo

Ufuo wa Dunga, ulio karibu na mji wa Kisumu, husifika kwa wavuvi na samaki wake. Mwambao unaoanzia hapo huzunguka Ghuba ya Winam, ukaelekea kusini, ukavuka mpaka wa Kenya na Tanzania na kufika Shirati. Kwa mvuvi, hilo ni ziwa moja. Kwa Waluo wa pande zote mbili, lugha ni moja. Kwa serikali, hata hivyo, hizo ni nchi mbili. Maisha ya marehemu Daniel Owino Misiani yalikwama baina ya mitazamo hiyo miwili, nayo sanaa yake ikapata nguvu papo hapo.

Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, wakati huo ikiwa Tanganyika. Wazazi wake walikuwa waimbaji, lakini waimbaji wa nyimbo za dini, na gitaa lilihesabiwa kuwa chombo cha wapotovu. Babake alilivunja gitaa la kijana huyo akitaraji kuyakomesha mapenzi yake kwa muziki. Matokeo yakawa kinyume. Katika miaka ya 1960 Misiani alivuka mpaka akaingia Kenya, akaanza kurekodi santuri, na hatimaye akaunda bendi iliyobadilisha majina mara kadhaa kabla ya kufahamika kote kwa jina la Shirati Jazz.

Neno hilo la mwisho lahitaji kufafanuliwa. Katika Afrika Mashariki ya enzi hizo, jazi haikuwa lazima muziki wa Wamarekani Weusi. Ilikuwa bendi yoyote ya kisasa yenye magitaa na wachezaji, kama walivyojiita Morogoro Jazz na Western Jazz kule Tanzania. Jina lilikopwa, sauti ilikuwa ya nyumbani. Sauti ya Shirati Jazz ilikuwa benga. Gitaa kuu liliiga mdundo wa nyatiti, zeze la Waluo lenye nyuzi nane; besi ilitembea kwa kurukaruka; na maneno yalipokwisha, magitaa yaliachiwa uwanja yaende mbio mpaka mwisho. Misiani hakuwa mwanzilishi pekee wa mtindo huo, lakini ni wachache waliouimarisha kumshinda.

Usanii huo ulikua katika kipindi kigumu. Tom Mboya aliuawa Nairobi mnamo Julai 1969. Mnamo Oktoba 25 mwaka huohuo, Rais Jomo Kenyatta alipofika Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka na walinzi wake wakaufyatulia umati risasi. Siku chache baadaye chama cha KPU, kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, kilipigwa marufuku. Tangu hapo, kusema hadharani juu ya maonevu kukawa ni kujitafutia jela. Watu wa mwambao walibaki na machungu yasiyokuwa na jukwaa.

Misiani aliwapa jukwaa hilo. Alitunga kwa Dholuo, akachota visa vya Biblia, historia ya jamii na ngano za wanyama. Mfalme dhalimu wa kale angeweza kuwa mfalme wa kale tu, au angeweza kuwa mtu aliyeketi Ikulu. Uamuzi aliachiwa msikilizaji. Hata baada ya uchaguzi wa 2002, watu walipodhani kwamba uonevu umekwisha, alitoa wimbo wa "Bim en Bim", yaani nyani ni nyani. Hakumtaja mtu, lakini wengi waliusikia kuwa umewalenga waliokuwa madarakani.

Hata hivyo, fumbo ni ngao isiyofunika mwili mzima. Wakubwa nao waliyafumbua. Misiani alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja, na kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya mpaka, serikali ilikuwa na fimbo ya ziada: kumfukuza arudi Tanzania. Mtu aliyetambuliwa na mamilioni kuwa sauti yao aliweza kuambiwa wakati wowote kwamba yeye ni mgeni. Hilo ndilo lililoutofautisha ujasiri wake na wa wengi: mkosoaji mwenyeji alihatarisha uhuru wake, ilhali Misiani alihatarisha uhuru pamoja na makazi.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kumkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya karatasi yake "Kenya: Twendapi?". Abdilatif alihoji waziwazi, kisha akiwa gerezani akatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki. Misiani alihoji kwa mafumbo juu ya muziki wa kuchezwa. Njia zilitofautiana, mmoja akiwa pwani na mwingine ziwani, lakini dola iliwajibu kwa namna moja. Hii ni ithibati kwamba fasihi simulizi inayoimbwa haistahili kuwekwa pembeni mwa fasihi andishi ya upinzani.

Muziki wenyewe haukuzuiwa na mpaka. Santuri za benga zilizosambazwa na Phares Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, ambako jina lake likawa jina la muziki huo. Katika miaka ya 1980 Shirati Jazz ilipiga muziki Uingereza, na santuri zake zikatolewa huko.

Misiani alifariki dunia mnamo Mei 17, 2006, katika ajali ya barabarani huko Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Aliacha nyimbo nyingi ambazo bado hazijanukuliwa, kufasiriwa wala kuhakikiwa ipasavyo kwa Kiswahili. Kila mzee anayejua fumbo fulani lilimlenga nani anapofariki, ufunguo mmoja hupotea. Kazi hiyo inawangoja wasomi wa lugha hii, na muda wa kuifanya si mrefu.