Luigi Broglio: Profesa aliyeigeuza bahari ya Malindi kuwa uwanja wa roketi

Desemba 12, 1970, Wakenya wakiwa wanasherehekea miaka saba ya uhuru, roketi yenye urefu wa zaidi ya mita 20 iliruka kutoka baharini, kaskazini kidogo ya Malindi. Ilibeba mtambo wa kilo kama 140 hivi uliopewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Roketi nayo ilikuwa ya Wamarekani. Ila walioirusha hawakuwa Wamarekani. Walikuwa Waitaliano wa timu ya profesa mmoja anayeitwa Luigi Broglio.

Mtu akisikia habari za roketi, akili inakimbilia Florida au Urusi. Kumbe kazi hiyo imefanyika kwenye pwani hii hii ya Waswahili. Kutoka Chuno, pale Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hadi kwenye majukwaa ya Broglio ni kilomita kama 800 tu kwa mstari ulionyooka. Bahari ni ile ile, na kusi na kaskazi ni zile zile.

Kwa vijana wa Mtwara wanaopenda kuunda roketi za mfano, zile ndogo za kurusha uwanjani, maisha ya mzee huyu yana faida kuliko filamu nyingi za anga. Hakuanza na roketi kubwa. Alianza na ndogo, na hakuruka hatua hata moja.

Kutoka Mestre hadi Roma

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911 huko Mestre, jirani na Venice nchini Italia. Alisomea uhandisi Roma, akaingia jeshi la anga upande wa wahandisi, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma. Alipokea kiti kutoka kwa Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa waasisi wa sayansi ya anga Italia.

Kumbuka Italia ya wakati huo ilikuwa imetoka kushindwa vita. Hela ilikuwa ya shida na wataalamu wengi walishahamia nje. Mtu kuzungumzia setilaiti mbele ya wanasiasa ilikuwa kama kuomba harusi ya kifahari kwenye nyumba yenye msiba.

Broglio hakuanza kwa kuomba setilaiti. Mwaka 1956 Italia ilifungua eneo la majaribio ya roketi Sardinia, kwenye milima ya Perdasdefogu, naye akawa katikati ya kazi hiyo. Kilichorushwa pale ni roketi za utafiti, zile zinazopanda juu, zinapima, halafu zinarudi chini bila kuizunguka dunia.

Januari 1961 timu yake ilirusha roketi iliyomwaga mvuke wa sodiamu kwenye anga la juu. Lile wingu liliwaka rangi ya machungwa, na wataalamu wakalipiga picha wakiwa chini ili kujua upepo wa huko juu unakwenda wapi na kwa kasi gani. Kifaa kidogo, swali moja, jibu moja. Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kazi.

Mwaka huo huo, yeye pamoja na mwanafizikia Edoardo Amaldi walimpelekea Waziri Mkuu Amintore Fanfani mpango wa setilaiti ya Italia. Fanfani akakubali. Mwaka 1962 Italia na Marekani zikatiliana saini: Wamarekani watatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano watatengeneza setilaiti na watarusha wenyewe.

Mradi ukaitwa San Marco, yaani Mtakatifu Marko, msimamizi wa Venice, mji wa nyumbani kwao Broglio.

Kwa nini Kenya, na kwa nini baharini?

Hapa ndipo penye utamu wa hesabu.

Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Mtu aliyesimama kwenye ikweta, hata akiwa amelala usingizi, anabebwa kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa. Roma, ambako ni mbali na ikweta, kasi hiyo inashuka hadi kama kilomita 1,240. Maana yake roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inapata msukumo wa bure kabla hata haijawashwa. Kwa roketi ndogo kama Scout, msukumo huo si kitu cha kudharau.

Mashariki ya pwani yetu kuna nini? Maji. Kipande kikidondoka, kinadondoka Bahari ya Hindi, sio juu ya paa la mtu. Italia haina nafasi kama hiyo. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka pale, mbele kuna nchi za watu.

Mwenyeji wa Mtwara anaweza kuuliza: mbona asije kwetu? Kwa upande wa kasi, Mtwara inapoteza kidogo sana, kama kilomita 25 kwa saa ukilinganisha na Malindi. Tatizo lilikuwa lingine. Broglio alitaka setilaiti izunguke juu ya ikweta yenyewe. Mtwara iko digrii 10 kusini, Malindi digrii 3 tu. Roketi ikianzia digrii 10, njia yake inakuwa imeinama angalau digrii 10, na kuinyoosha ikiwa huko juu kunakula fueli nyingi. Digrii saba hizo ndizo zilizoamua.

Mpango ulipobuniwa, Kenya ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Mambo yalipoanza kuonekana kwa macho, Kenya ilikuwa imeshapata uhuru wake.

Badala ya kujenga kila kitu nchi kavu, Broglio aliamua kutumia majukwaa ya chuma yanayosimama baharini kwa miguu, mtindo wa wachimba mafuta. Watu wa Mtwara, waliozoea habari za gesi, wataelewa haraka. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa kweli la kuchimbia mafuta, la kampuni ya ENI. La pili, San Marco, lilitoka kwa Wamarekani. Yote mawili yakavutwa na meli hadi Ghuba ya Ngwana, karibu na Ngomeni, miguu ikashushwa hadi kwenye mchanga.

San Marco likawa la kurushia. Santa Rita, lililosimama umbali wa kama nusu kilomita, likawa la kuongozea. Kati yao zikapita nyaya chini ya maji. Kwa Wakatoliki, Rita ni mtakatifu anayeombwa kwa mambo yaliyoshindikana, kwa hiyo jina lilikaa mahali pake.

Ndogo kwanza

Machi 1964 roketi ya kwanza iliruka kutoka Santa Rita. Haikuwa na setilaiti yoyote. Ilikuwa roketi ndogo ya utafiti, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha watu kufanya kazi juu ya bahari: chumvi, joto, mawimbi, mawasiliano.

Desemba 15 mwaka huo, timu ya Broglio ilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1. Lakini haikurushwa Kenya. Waliirusha Wallops, jimbo la Virginia, Marekani, kwenye kituo ambacho roketi ya Scout ilishazoeleka. Yaani walihakikisha kwanza mikono ya watu wao inaweza, ndipo wakahamishia kazi kwenye jukwaa.

Ikachukua zaidi ya miaka miwili mingine. Aprili 26, 1967, siku Tanzania inatimiza miaka mitatu ya Muungano, San Marco 2 ikaruka kutoka Ghuba ya Ngwana. Ikawa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Setilaiti hizi za San Marco zilikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe. Zilikuwa kama mpira ndani ya mpira: ganda jepesi nje, mzigo mzito ndani, vimeunganishwa kwa mikono inayonepa. Hata huko juu kuna hewa kidogo sana, na hewa hiyo inalikwamisha ganda la nje. Ni kama daladala linapofunga breki, abiria aliyesimama anaendelea kwenda mbele. Kwa kupima ganda limesogea kiasi gani, walijua hewa ya huko ina uzito gani. Kifaa rahisi, na kilifanya kazi.

Mtu anayeunda roketi ya mfano nyumbani anapita njia hiyo hiyo, ila kwa vipimo vidogo. Scout yenyewe ilikuwa na vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vyote vikitumia fueli yabisi, ngumu kama raba. Injini za dukani za roketi za mfano nazo ni za fueli yabisi: ukishawasha, huwezi kuzima. Ndiyo maana maandalizi yote yanafanyika kabla ya kuwasha.

Baruti si kitu cha kuchanganya nyumbani, na kisheria ni bidhaa ya kibali. Kwa kijana wa Chuno, mlango rahisi ni roketi ya maji. Unachukua chupa ya plastiki ya soda (ya soda, kwa sababu imetengenezwa kuhimili gesi), unajaza maji theluthi moja, unaweka kizibo chenye valvu ya baiskeli, unapampu hewa. Hewa inayasukuma maji kwenda chini, chupa inakwenda juu.

Usipoweka mapezi nyuma na uzito kidogo puani, itapinduka hewani kama kuku aliyechinjwa. Kuna jaribio la zamani la kujua mapema. Ifunge kamba pale inapolala sawa bila kuinamia upande, kisha izungushe kuzunguka kichwa chako. Pua ikitangulia, iko vizuri. Ikianza kutangulia mkia au kuyumba, ongeza uzito puani au panua mapezi.

Chagua uwanja mpana, mbali na nyaya za umeme na uwanja wa ndege, na chomoa kizuizi kwa kamba ndefu ukiwa mbali. Broglio alikaa nusu kilomita, na yeye ndiye aliyekuwa anaijua roketi kuliko wote.

Uhuru na kilichofuata

Kati ya 1967 na 1988, Scout tisa zilirushwa kutoka San Marco, na zote tisa zilifikisha setilaiti angani. Kwa roketi iliyokuwa imeanguka mara kadhaa Marekani katika miaka yake ya mwanzo, hiyo ni hesabu ya heshima.

Uhuru ndiyo iliyotoa matunda makubwa zaidi. Kwa kuzunguka karibu na ikweta, ilikwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Ilifanya kazi hadi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kati ya vilivyochunguzwa, Cygnus X-1, kikawa ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Broglio hakuiona siku hiyo. Alifariki Januari 14, 2001, akiwa na miaka 89.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha sana kikazi. Baada ya 1975 urushaji wa setilaiti ulisimama kwa miaka 13, hadi San Marco ya mwisho ilipoondoka Machi 1988. Mpango wa kuboresha Scout ili majukwaa yaendelee kutumika haukufika popote. Ulaya ilikuwa imeshaelekeza nguvu kwenye roketi zake zinazorushwa Guyana ya Kifaransa, na Marekani ikaachana na Scout mwaka 1994.

Kwa Wakenya kumebaki swali jingine, na ni swali la haki: bahari ni yetu, sisi tulipata nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa dogo: ajira za kusaidia, ulinzi, usafiri wa boti, na Malindi iliyojaa Waitaliano kiasi kwamba muuza vinyago anakukaribisha kwa Kiitaliano. Elimu ya roketi yenyewe ilibaki Roma. Hapa Broglio, pamoja na sifa zake zote, hakufanya kwa vijana wa pwani alichowafanyia wanafunzi wake wa Roma.

Mambo yalianza kubadilika baada yake. Kenya iliunda shirika lake la anga mwaka 2017, na Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofanywa kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Broglio, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga.

Kituo cha nchi kavu pale Ngomeni sasa kinaitwa kwa jina la Broglio, na antena zake bado zinapokea mawasiliano ya setilaiti. Majukwaa yenyewe bado yamesimama baharini, miguu ikiliwa na kutu, na wavuvi wa Ngomeni wanapita karibu yake kwenda kutega nyavu.