Selimundu na Deni la Watu wa Ziwa

Mwalimu yeyote aliyefundisha Mamboleo, Ahero au Bondo yamkini amewahi kuwa na mwanafunzi mwenye macho ya manjano, anayelalamikia maumivu ya viungo na kukosa masomo mara kwa mara. Aghalabu mtoto huyo huitwa mvivu, au husemwa amerogwa. Huenda maradhi yake ni selimundu, yaitwayo hivyo kwa kuwa seli za damu hupinda mithili ya mundu. Aliyetueleza ni kwa nini maradhi haya yameshamiri kando ya Ziwa Victoria ni daktari Anthony Allison.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa Kenya, katika shamba la wazazi wake huko Gilgil. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, akapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni ya selimundu. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja.

Je, jeni inayoua watoto mbona haikutoweka? Allison alikisia kuwa sababu ni malaria, maana palipokithiri malaria ndipo palipokuwa na jeni hiyo. Alirejea mwaka 1953 kuthibitisha. Wanaume 30 wa Kijaluo walijitolea kuambukizwa malaria. Miongoni mwa 15 wenye jeni, ni 2 tu waliopatikana na vimelea. Miongoni mwa 15 wasio nayo, walikuwa 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Ikabainika kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingika na makali ya malaria, ilhali anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu.

Allison alifariki Marekani mwaka 2014, na jina lake limo vitabuni. Wale 30 hawatajwi madarasani, ingawa damu iliyothibitisha hoja ilikuwa yao. Walimu wenzangu, hatuna budi kulipa deni hilo kwa wajukuu wao. Mtoto wa macho ya manjano asichapwe wala asikemewe. Apewe maji ya kunywa na ruhusa ya kupumzika, na mzazi wake ashauriwe ampeleke hospitali akapimwe damu.