James Watt: Fundi aliyeipa injini 'farasi', na somo lake kwa anayepandisha mzigo Mbinga

Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga mjini ni takriban kilomita 66 za lami, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni kupanda. Dereva aliyebeba dagaa wa Ziwa Nyasa anaijua injini yake kwenye kona za juu. Hata kama gereji ilimpa karatasi inayosema gari limeongezwa nguvu, mlima ndio unaotoa jibu.

Karatasi hiyo hutoka kwenye mashine ya kupima nguvu za injini, ile mafundi wanayoiita daino. Gari linafungwa, matairi yanazunguka juu ya rola, kompyuta inachora mstari. Pembeni panaandikwa namba: farasi kadhaa au kilowati kadhaa.

Maneno hayo mawili, farasi na wati, yanarudi kwa mtu mmoja: James Watt, fundi wa Uskoti aliyefariki mwaka 1819. Maisha yake yanaeleza kwa nini namba ya injini inaweza kuwa ya kweli na bado ikamdanganya mwenye gari.

Fundi wa vipimo kwanza

Watt alizaliwa 19 Januari 1736 huko Greenock, mji wa bandari. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara, katika enzi ambayo bandari za Uskoti zilinufaika na sukari na tumbaku iliyolimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki.

Alikuwa mtoto dhaifu, maumivu ya kichwa hayakumwacha. Mama yake, Agnes, alimfundisha nyumbani kwa muda mrefu. Kwenye karakana ya baba ndiko alikozoea nyundo, tupa na mbao.

Mwaka 1755, akiwa na miaka 19, alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia. Kawaida mtu alikaa chini ya fundi miaka saba. Yeye alikaa mwaka mmoja hivi, akarudi.

Chama cha mafundi wa Glasgow kikamwekea ngumu asifungue kazi mjini. Chuo Kikuu cha Glasgow kikamwokoa mwaka 1757 kwa kumpa chumba cha kazi. Kwa hiyo Watt alikuwa fundi wa vipimo kabla hajawa mtu wa injini, na hilo ndilo lililomtofautisha na wenzake.

Injini iliyokula makaa

Majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764, chuo kilimpa atengeneze mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Thomas Newcomen. Injini za aina hiyo zilikuwa zikivuta maji migodini tangu mwaka 1712. Ule mfano ulipiga mara chache, ukazima.

Mwingine angekaza nati na kurudisha kazi. Watt akaanza kupima mvuke unaotumika kila pistoni inapopanda na kushuka. Akagundua silinda ilikuwa inapashwa moto, kisha inapoozwa kwa maji, kisha inapashwa tena, kila pigo. Mvuke mwingi, na makaa yaliyouzalisha, vilipotea kupasha chuma tu.

Jumapili moja ya Mei 1765, akitembea kwenye uwanja wa Glasgow Green, jibu lilimjia. Mvuke upoozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki moto muda wote. Hataza aliipata mwaka 1769.

Wazo alikuwa nalo, fedha hana. Mshirika wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika. Watt akaishi kwa kupima njia za mifereji ya maji. Mwaka 1773, akiwa mbali kazini, mke wake Margaret alifariki wakati wa uzazi na kumwachia watoto wadogo.

Mwaka 1774 alihamia Birmingham kwa mshirika mpya, Matthew Boulton, mwenye kiwanda na mtaji. Wakati huohuo John Wilkinson alikuwa amepata njia ya kuchonga tundu la silinda likatoka sawasawa, mvuke usivuje pembeni ya pistoni. Mwaka 1776 injini za kwanza za Boulton na Watt zikaanza kazi.

Kulipwa kwa tofauti

Wateja wakubwa walikuwa wenye migodi ya shaba na bati huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Migodi ilijaa maji, na makaa yalikuja kwa meli, bei juu.

Boulton na Watt hawakuuza tu injini. Walidai theluthi moja ya fedha ambazo mteja aliokoa kwa kupunguza makaa, zikilinganishwa na injini ya Newcomen inayofanya kazi ileile. Yaani maisha ya Watt yalitegemea hesabu ya kabla na baada.

Hesabu hiyo ilihitaji uaminifu, na uaminifu ulikuwa haba. Basi walifunga kwenye injini kihesabio ndani ya boksi lenye kufuli, kinachohesabu kila pigo. Hata hivyo baadhi ya wenye migodi waligoma kulipa, na mashauri ya hataza yalikwenda mahakamani hadi mwaka 1799.

Hapa pana somo la kwanza kwa anayelipia kazi ya kuongeza nguvu. Karatasi moja ya daino, iliyotolewa baada ya kazi, haionyeshi kilichoongezeka. Gari linapaswa kupimwa kabla, kisha baada, kwenye mashine ileile, gia ileile, matairi yaleyale na upepo uleule. Tofauti kati ya mistari miwili ndiyo mteja anayoilipia.

Farasi alivyoingia

Miaka ya 1780 wateja walibadilika. Watt alibuni njia ya injini kuzungusha gurudumu, na sasa viwanda vya pombe, vinu na karakana za nguo vikaitaka. Wengi wao walikuwa wanatumia farasi. Swali lao lilikuwa moja: hii mashine itaondoa farasi wangapi?

Watt alifanya hesabu za farasi anayezungusha kinu. Akafikia kiwango cha ratili 33,000 kuinuliwa futi moja kwa dakika. Kwa vipimo vya leo ni kama kuinua kilo 76 kwenda juu mita moja kila sekunde. Kwa mkulima wa Mbinga, ni gunia la kahawa la kilo 60 na ndoo ya maji isiyojaa juu yake, kila sekunde, bila kupumzika.

Farasi wengi hawawezi kazi hiyo kutwa nzima. Kiwango kiliwekwa juu, hivyo mwenye kinu aliyeondoa farasi kumi na kununua injini ya farasi kumi hakuona upungufu. Ilikuwa lugha ya biashara, lakini ilimpendelea mnunuzi.

Leo mambo mara nyingine ni kinyume. Farasi wa Kiingereza ni wati 746 hivi. Farasi wa vipimo vya mita, anayeandikwa PS kwenye magari mengi ya Kijapani na Kijerumani, ni wati 735 na ushee. Injini ya kilowati 100 ni farasi 134 kwa hesabu ya kwanza na 136 kwa ya pili. Injini haijaguswa, namba imepanda.

Kuna pengo kubwa kuliko hilo. Kiwanda hutaja nguvu inayotoka kwenye injini yenyewe. Daino ya rola hupima inayofika kwenye matairi, baada ya gia, shafti na difu kula sehemu yake. Namba ya rola ikiwa chini kuliko ya kiwanda si lazima injini iwe mbovu. Na fundi akilinganisha namba ya kiwanda na ya rola kama vile ni kitu kimoja, amekosea.

Mchoro uliofichwa

Watt alitaka pia kujua kinachotokea ndani ya silinda. Alitengeneza kifaa cha kuonyesha msukumo wa mvuke. Mwaka 1796 msaidizi wake, John Southern, aliongeza ubao unaotembea na kalamu, injini ikawa inachora yenyewe. Ukubwa wa eneo ndani ya mchoro ulieleza kazi iliyofanywa na kila pigo. Kampuni ilikificha kifaa hicho kwa miaka mingi, kwa sababu aliyejua kukisoma aliona ugonjwa wa injini bila kuifungua.

Karatasi ya daino ni ndugu wa mchoro ule, na kosa la kawaida ni kuangalia kilele tu. Nguvu ni msokoto wa shafti ukizidishwa kwa kasi ya kuzunguka. Injini yenye msokoto wa Nm 400 kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika inatoa kilowati 63 hivi. Nyingine yenye Nm 200 kwenye mizunguko 3,000 inatoa kilowati 63 zilezile.

Lakini kwenye kupanda kutoka ziwani hazifanani. Ya kwanza inavuta ikiwa imetulia. Ya pili inataka ipigishwe kelele na gia zibadilishwe kila mara. Kilele kikipanda huku mstari wa chini umeshuka, mwenye gari la mzigo amelipa fedha ili apate hasara.

Mzee wa Heathfield

Watt hakuwa malaika. Hataza yake, iliyorefushwa na Bunge hadi mwaka 1800, aliitumia kuwabana wabunifu wengine. Mvuke wa msukumo mkubwa aliuogopa na kuupinga, ingawa ndio uliokuja kusukuma treni.

Alistaafu mwaka 1800 akiwa na mali. Mwanawe Gregory alifariki mwaka 1804, na rafiki zake wakaondoka mmoja mmoja. Alijifungia kwenye karakana ya darini, nyumbani kwake Heathfield karibu na Birmingham, akibuni mashine za kunakili sanamu. Alifariki hapo 25 Agosti 1819, miaka 83.

Mwaka 1882 wanasayansi wa Uingereza walikipa kipimo cha nguvu jina lake, wati. Ndiyo maana kila uniti ya LUKU, ambayo ni kilowati-saa moja, ina jina la fundi huyu ndani yake.

Mvuke ulifika Nyasa pia. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipandevipande, ilishushwa ziwani mwaka 1893. Agosti 1914 Waingereza waliikuta Liuli ikiwa nchi kavu kwa matengenezo, wakaiharibu. Nguvu za injini yake hazikuisaidia kitu.

Hewa ya ziwani, hewa ya mlimani

Kuna jambo moja la mwisho ambalo Watt, mtu wa kupima hewa na mvuke, angelielewa haraka. Ziwa Nyasa lipo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inapita mita 1,500. Juu huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kati ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo ufukweni.

Kompyuta ya daino hurekebisha hesabu ili ionekane kama gari limepimwa karibu na usawa wa bahari. Ni jambo jema kwa kulinganisha, mradi marekebisho yawe yaleyale mara zote mbili. Injini yenye tabo haipotezi kiasi kile, hivyo ikirekebishwa kama isiyo na tabo, karatasi inaipa farasi ambao haina.

Mwenye gari anayeshika karatasi yake ana maswali manne tu. Imepimwa wapi, injini au matairi? Farasi gani? Imerekebishwaje? Na iko wapi karatasi ya kabla? Fundi mkweli ana majibu. Asiye nayo, wenye migodi wa Cornwall wangemwambia alete kwanza boksi lenye kufuli.