Benny Goodman: klarineti ya mtoto wa fundi wa kushona, na piano ya Teddy Wilson

Hapa Kisangani neno jazz halimshangazi mtu. Ukimwuliza mzee aliyekuwa kijana katika miaka ya 1950, atakutajia African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoanza mwaka 1953, kisha OK Jazz ya Franco na wenzake, iliyozaliwa Léopoldville mwaka 1956. Sasa mwulize tena: katika OK Jazz ya mwanzo, ile sauti nyembamba iliyokuwa inapanda juu ya gitaa, ilikuwa ya chombo gani? Wengi watajibu saksofoni. Kumbe kulikuwa pia klarineti, na aliyeipuliza ni Jean Serge Essous wa Brazzaville.

Klarineti ni bomba jeusi la mbao lenye kipande kimoja chembamba cha mwanzi pale mdomoni. Inaweza kulia kama mtu aliyefiwa, na dakika ileile ikacheka. Mtu aliyeijulisha kwa dunia yote hakuzaliwa Afrika wala hakuzaliwa na feza. Anaitwa Benny Goodman.

Alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 30 Mei 1909, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Baba yake, David Goodman, alitoka Warsaw, na mama yake, Dora, alitoka Kaunas. Wote wawili walikuwa Wayahudi waliohama Ulaya ya mashariki, sababu kule walikuwa wanateswa na tena walikuwa maskini. Chicago hawakukuta paradiso. David alikuwa fundi wa kushona, na kazi ya kushona ilipokosa alienda kwenye machinjio makubwa ya mji, akawa anabeba kwa sepeo mafuta mabichi ya wanyama. Alikuwa anarudi nyumbani usiku na harufu ile kwenye nguo, na watoto hawakuisahau. Kuna siku chakula kilikuwa hakitoshi.

Lakini baba huyu alisikia kwamba sinagogi moja ya mtaa, Kehelah Jacob, inafundisha watoto muziki kwa bei ndogo na kuwakopesha vyombo. Akawapeleka vijana wake watatu. Vyombo viligawanywa kwa kuangalia mwili: Harry, mkubwa, akapewa tuba, Freddy akapewa trompeti, Benny alikuwa mdogo kuliko wote, miaka 10, akabaki na klarineti. Hakuichagua. Kama angekuwa mnene kidogo, pengine historia ya muziki ingekuwa nyingine.

Mwaka uliofuata aliingia katika fanfari ya vijana ya Hull House, nyumba ya kusaidia wahamiaji iliyoanzishwa na Jane Addams. Kisha akafundishwa miaka miwili na Mjerumani mmoja, Franz Schoepp, mwalimu mkali wa muziki wa klasiki. Huyu Schoepp alikuwa na jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule: alipokea wanafunzi weupe na weusi. Buster Bailey na Jimmie Noone, wapiga klarineti weusi waliokuja kuwa na jina kubwa, walipita pia mikononi mwake. Basi Benny alijifunza Mozart na mazoezi ya vidole kwa mwalimu, na jioni alisikiliza jazz ya watu weusi waliopanda kutoka New Orleans, ambao walikuwa wamejaa Chicago ya miaka ile.

Na kulikuwa muziki wa tatu, ambao hakuutafuta sababu alizaliwa ndani yake. Wayahudi wa Ulaya ya mashariki wana muziki wao wa arusi unaoitwa klezmer. Zamani violini ndiyo ilikuwa inaongoza, lakini kuelekea mwisho wa karne ya 19 klarineti ilichukua nafasi hiyo. Mpigaji anakata sauti katikati kama mtu anayekwama koo kwa kilio, kisha anaiteleza kutoka chini hadi juu, na watu wanasimama kucheza. Goodman hakuwa mpiga klezmer, na ni vibaya kumwita hivyo. Ila sikio lake lilikulia pale.

Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari mwanachama wa sendika ya wanamuziki, analipwa. Mwaka 1925 akaenda California kujiunga na orkestra ya Ben Pollack. Nyumbani, mishahara ya vijana ilianza kubadilisha maisha. Baba wakati huo alikuwa na kibanda cha kuuza magazeti, na watoto walimwomba apumzike sasa. David akakataa: hakutaka kulishwa na watoto wake. Mwaka 1926 alishuka kutoka kwa tramu, gari likamgonga, akafa. Hakuwahi kumwona mwanaye akiongoza orkestra. Walioishi karibu na Benny wanasema jeraha hilo halikupona.

Mwaka 1934, New York, Goodman aliunda orkestra yake na akapata nafasi kwenye redio ya NBC, katika kipindi cha Jumamosi usiku kilicholipiwa na kampuni ya biskwiti. Hapa msomaji wa Kisangani ataelewa haraka kuliko mtu wa Ulaya. Sisi tunajua kwamba saa moja ya Kinshasa ni saa mbili ya Tshopo, nchi ni moja lakini saa ni mbili. Marekani ni hivyohivyo, tena zaidi: kati ya New York na Los Angeles kuna tofauti ya saa tatu. Orkestra ya Goodman ilikuwa inapigwa mwisho wa kipindi, wakati New York imekwisha kulala. Lakini kule mangaribi, California, bado ilikuwa mapema na vijana walikuwa macho mbele ya redio. Goodman hakujua. Alifikiri anapigia viti vitupu.

Mwaka 1935 wafanyakazi wa kampuni ile ya biskwiti wakagoma, na kipindi kikafa. Orkestra ikafunga mizigo kuvuka nchi kwa gari. Denver ilikuwa aibu: watu hawakutaka jazz, walitaka waltz. Tarehe 21 Agosti 1935 wakafika Palomar, jumba la kuchezea la Los Angeles, wamekata tamaa. Walianza na nyimbo laini za kuogopa. Hakuna aliyeshtuka. Baadaye wakaamua kwamba kama ni kufa, wafe wakipiga muziki wao, wakafungua karatasi za Fletcher Henderson. Vijana wakaacha kucheza, wakasogea mbele ya jukwaa na kupiga kelele. Walikuwa walewale wa redio. Tangu usiku ule Wamarekani wanahesabu mwanzo wa enzi ya swing.

Tusimame kidogo juu ya hilo jina, Fletcher Henderson. Alikuwa kiongozi mweusi wa orkestra nzuri sana iliyovunjika kwa kukosa feza. Yeye ndiye aliyeandika mipango ya nyimbo nyingi zilizompa Goodman umaarufu. Magazeti yakamwita Goodman mfalme wa swing, na Henderson akabaki nyuma ya karatasi. Goodman mwenyewe alikuwa anasema wazi deni lake kwa Henderson, lakini taji halikuhama kichwa. Wakongomani waliotunga nyimbo miaka ya 1950 na kuona jina la mwingine juu ya sahani wanajua habari ya namna hii.

Piano iliingia mwaka huohuo. Mwezi wa sita 1935, katika karamu nyumbani kwa wanamuziki Red Norvo na Mildred Bailey huko New York, Goodman alipiga pamoja na kijana anayeitwa Teddy Wilson. Wilson alizaliwa Austin, Texas, mwaka 1912, mtu mweusi, na alikulia Tuskegee, Alabama, ambako baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa mtulivu, anavaa vizuri, na vidole vyake vilikuwa safi kama vya mtu wa klasiki. Wengine wa wakati ule walikuwa wanaipiga piano kwa nguvu kama ngoma. Wilson alikuwa anaongea nayo. Klarineti ikiuliza, piano inajibu. Mwezi wa saba wakarekodi wakiwa watatu, na Gene Krupa kwenye drami. Hapakuwa hata besi: mkono wa kushoto wa Wilson ndio uliobeba nyumba.

Ndani ya studio hakuna anayeona rangi ya ngozi. Inje ni habari nyingine. Marekani ya wakati ule, mweupe na mweusi hawakukaa jukwaa moja mbele ya watu waliolipa. Wazee wa Kisangani hawahitaji maelezo marefu: katika Stanleyville ya Wabelgiji, katikati ya mji palikuwa pa Wazungu na cité ilikuwa ya Waafrika, na usiku kila mtu alitakiwa kuwa upande wake. Chicago haikuwa mbali sana na hayo.

Goodman alisitasita. Tusimfanye malaika: aliogopa kupoteza kazi, na waliomsukuma ni watu wengine, hasa rafiki yake John Hammond, na Helen Oakley aliyepanga maonyesho ya jazz kule Chicago. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1936, katika hoteli Congress, Teddy Wilson akatoka, akakaa kwenye piano, na watatu wakapiga. Watu walisikiliza, wakapiga makofi, wakataka tena. Hakuna jiwe lililorushwa. Mwaka huohuo Goodman akamchukua na Lionel Hampton, mweusi mwingine, kwa vibrafoni, wakawa wanne. Miaka mitatu baadaye akaja Charlie Christian na gitaa ya umeme, kijana aliyefungua njia kwa wapiga gitaa wengi kabla ya kifua kikuu kumwua mwaka 1942, akiwa na miaka 25.

Lakini makofi hayakufuta sheria. Katika miji mingi Wilson na Hampton hawakupewa chumba katika hoteli walimolala wenzao. Walipiga mbele ya mamia ya weupe, kisha wakatafuta kitanda upande mwingine wa mji.

Tarehe 16 Januari 1938 orkestra iliingia Carnegie Hall ya New York, nyumba ya muziki wa klasiki, na wakaalikwa pia wapigaji wa Count Basie na wa Duke Ellington. Usiku ule kulipigwa Bei Mir Bist Du Schoen, wimbo wa tamthilia ya Kiyidishi uliotungwa na Sholom Secunda, ambaye aliuza haki zake kwa dola 30 tu kabla wimbo haujazunguka dunia. Katikati, mpiga trompeti Ziggy Elman, Myahudi pia, akageuza jazz kuwa arusi ya klezmer. Ilikuwa dakika chache, lakini muziki wa wazazi waliokimbia ulikuwa umeingia nyumba ya matajiri kwa mlango wa mbele. Sahani za usiku ule zilisahaulika kabatini, zikatolewa kwa umma mwaka 1950.

Mtu mwingine angetosheka. Yeye, mwaka ule wa Carnegie, alirekodi Mozart pamoja na Budapest Quartet, na akamwagizia Béla Bartók wa Hungaria kazi mpya ya klarineti, violini na piano. Waliirekodi mwaka 1940, Bartók mwenyewe kwenye piano. Baadaye akamlipa Aaron Copland kumwandikia konseto, ambayo aliipiga mara ya kwanza redioni mwaka 1950. Hakufaulu kila mara. Mwaka 1942, alipopiga Rhapsody in Blue ya Gershwin hewani na Toscanini, sauti ilimvunjikia palepale mwanzoni, kwenye ule mteremko wa klarineti ambao kila mtu alikuwa anaungoja. Nchi nzima ikasikia.

Pengine ndiyo sababu, akikaribia miaka 40, tajiri na maarufu, alienda kwa Reginald Kell, mpiga klarineti Mwingereza, kujifunza upya namna ya kuweka mdomo, kama mtoto. Wanamuziki walimwona kichaa. Ila mtu wa fanfari yoyote ya kanisa hapa mjini anaweza kukwambia maana yake: kubadilisha mdomo ni kurudi sifuri.

Kufanya kazi naye kulikuwa kugumu. Alikuwa na jicho: ukikosea, alikukazia macho bila kusema kitu mpaka ukatamani kuacha. Aliwafukuza watu ovyo, na feza alizishika kwa nguvu, labda sababu ya ile njaa ya Chicago. Mwaka 1962 serikali ya Marekani ilimtuma Urusi ya Wasovieti pamoja na orkestra. Khrushchev mwenyewe alikuja kusikiliza Moscow, na nyuma ya pazia wapigaji walikuwa wananung'unika juu ya mkubwa wao. Teddy Wilson alikuwamo katika safari ile. Yeye alikuwa amefundisha piano katika shule ya Juilliard, New York, na alikuwa na jina lake mwenyewe, lakini kila mara Goodman alipotaka muziki mdogo, wa watu wachache, alimrudia.

Hawakuwa marafiki wa kutembeleana sana. Wilson alikuwa mtu wa adabu na maneno machache, Goodman alikuwa msahaulifu, mara nyingi hakukumbuka hata majina ya watu waliokaa mbele yake. Kilichowaunganisha kilikuwa kile kiti cha piano na zile hatua mbili tatu hadi kwenye klarineti.

Goodman alikufa kwa moyo nyumbani kwake New York, tarehe 13 Juni 1986, akiwa na miaka 77 na bado anafanya mazoezi. Wiki saba hazikutimia, tarehe 31 Julai, Teddy Wilson naye akafa, miaka 73.